Kwaya Hufuata Kinanda

Njambi hakuwa mtu mnyenyekevu, na mimi sitamfanya mnyenyekevu leo ili hadithi ipendeze. Alijua kupiga kinanda, alijua kwamba anajua, na ukisahau alikukumbusha. Katika kigango chetu, nje kidogo ya mji wa Machakos, kando ya kinanda palikuwa na kiti cha mbao chenye mto wa kitambaa cha kijani. Mto huo aliushona mwenyewe. Hakuna mwingine aliyekikalia kiti kile, hata katekista, hata siku za harusi kanisa likifurika mpaka watu wanasimama mlangoni.

Mimi ni Syombua. Naimba sauti ya kwanza, nauza chai na muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, mkabala na duka lake, na sidhani kuna mtu duniani aliyegombezwa na Njambi kunishinda. Kwa hivyo nina haki ya kumsifu.

Alikuja Machakos akiwa msichana mdogo. Baba yake alikuwa akileta viazi na kabeji kutoka Murang'a, mwishowe akachoka na safari akahamia huku na familia yote. Watu walisema hawa wa Murang'a watakaa mwaka mmoja, jua letu liwafukuze. Hawakufukuzika. Sista mmoja wa misheni alimfundisha Njambi kinanda cha zamani, kile cha kukanyaga kwa miguu, na kabla hajamaliza shule alikuwa tayari anapigia Misa. Aliolewa na Mathenge, kijana wa kwao aliyekuwa na duka la mbegu na dawa za mifugo pale mjini, wakamzaa Wakiuru na wadogo zake. Kikamba alikijua vizuri, ila kilibaki na lafudhi ya Murang'a, na wazee walipenda kumchokoza kwamba malaika wakiimbiwa Kikamba kile wanadhani Ukambani kumehama. Yeye alijibu kwamba malaika hawajali lafudhi. Wanajali wakati.

Kwake wakati ulikuwa nusu ya dini. Mtu akivuta wimbo, aligonga ubao wa kinanda kwa pete yake ya ndoa, sote tukanyamaza, akasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo!" Wanaume wa besi, ambao ni wazito kwa kila jambo isipokuwa kula, walipojitetea kwamba haraka haraka haina baraka, aliwaambia baraka zao wataziokota nje, mlango ni ule. Tulimwita Mama Saa kwa siri. Siku moja akatusikia, tukaogopa, kumbe amefurahi.

Mimi mwenyewe alinitoa nje. Tulikuwa tunajiandaa kwa Pasaka, na katika ubeti mmoja niliona yeye ndiye amechelewa kidogo, basi nikahesabu moyoni nikaingia. Pete ikagonga ubao.

"Syombua, unafuata nani?"

"Nafuata hesabu, Mama."

"Hesabu ya nani? Kwaya haifuati hesabu. Haifuati saa ya ukuta, haifuati hata mkono wa Aloys. Kwaya inafuata kinanda. Kinanda ikienda shimoni, mnaenda nayo shimoni. Toka nje ufikirie hiyo maneno."

Aloys ndiye mwalimu wetu wa kwaya, mwenye kutuongoza kwa mikono, na yeye alitazama viatu vyake tu kwa sababu alimwogopa Njambi kama sisi. Nikatoka. Nilisimama kando ya tangi la maji nimefura kwa hasira, nikiwasikiliza wenzangu wakiimba bila mimi. Neno lile nililishika kwa hasira, lakini nililishika.

Mwaka wa 2001 Njambi alianguka dukani. Alikuwa akimpimia mtu chakula cha kuku, kijiko kikamtoka mkononi, na yeye akafuata. Kiharusi. Nilivuka barabara nikikimbia, mikono yangu ikiwa na unga, na nilipomkuta sakafuni akijaribu kuniambia kitu na mdomo unakataa, nililia mbele ya wateja bila aibu. Alilazwa muda mrefu. Kanisani tuliimba bila kinanda, na kiti chenye mto wa kijani kikabaki kitupu. Hakuna aliyekigusa, ila Wanza wa sauti ya pili, aliyekuwa akiukung'uta ule mto vumbi kila Jumamosi.

Alirudi akitembea kwa fimbo, mdomo umenyooka, ukali wa ulimi ni ule ule. Jumapili ya kwanza alikataa kushikwa. Alikwenda mwenyewe mpaka kwenye kiti, akaweka fimbo chini, akatuangalia mmoja mmoja kana kwamba sisi ndio tuliokuwa wagonjwa. Akapiga. Mkono wa kulia ulikuwa mzima. Wa kushoto ulisikia amri lakini uliitika baadaye kidogo, kama mtoto aliyetumwa dukani akiwa katikati ya mchezo. Ubeti wa kwanza tuligongana naye vibaya, na nikaona jasho likimtoka Aloys. Ubeti wa pili hatukugongana.

Misa ilipokwisha alisimama, akauinua ule mkono wa kushoto juu watu wote wauone.

"Mkono umerudi," akasema.

"Umerudi, Mama," tukajibu.

Na kweli nyimbo zilienda. Aliendelea kutugombeza, kugonga ubao na kusema habari za matumbo. Fimbo aliiacha. Ukimwuliza habari ya afya alikuonyesha vidole vya kushoto akivichezesha, na alikuwa na fahari navyo kuliko alivyowahi kuwa navyo kabla havijaumwa.

Mwaka wa 2003 kigango kilikuwa kinatimiza miaka ishirini na mitano, na kamati ikaamua kwaya irekodi kaseti. Tulifurahi kupita kiasi. Wengine walianza kushona sare kabla hata nyimbo hazijachaguliwa. Kisha mwenyekiti wa kamati, Mzee Kimotho, akasimama akasema neno ambalo hakuna aliyelitaka.

Kimotho hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na masikio mazuri, hilo sitamnyima. Alisema kanisani mambo hupita, lakini kaseti hubaki, watu watairudia na kuirudia, na yeye akikaa kimya akisikiliza anasikia kinanda kinakimbizana chenyewe kwa chenyewe. Alisema kuna kijana anaitwa Matthew kule Athi River, anafanya kazi kwenye viwanda vya nguo, na anapiga kinanda vizuri sana. Aje apige kwenye kaseti. Mama Wakiuru apumzike.

"Nitapumzika kaburini," Njambi akasema. "Ni nini kinakimbizana?"

"Mama, usikasirike. Ni mikono."

"Mikono yangu ilipona. Waulize hawa."

Kimotho akatugeukia. Hakuna aliyefungua mdomo, na kimya chetu kilinichoma, kwa sababu kilionekana kama tunakubaliana naye. Aloys ndiye aliyetuokoa. Alisema Mama arekodi kwanza. Kamati ije Jumamosi inayofuata isikilize, na ikisikia kasoro, basi Matthew aitwe. Njambi alikubali papo hapo. Tulipotoka nje alinishika bega, akaniambia kwa sauti ya chini, "Syombua, nikitolewa kwa hiyo kaseti, sitarudi kwa hicho kiti." Nilijua hatanii. Mto ule angeuchukua aende nao nyumbani.

Studio ilikuwa nyuma ya duka la Sakariye, Msomali mrefu aliyeuza redio, saa na simu karibu na soko. Chumba kilikuwa kidogo, kuta zimegongewa trei za mayai na dirisha limezibwa kwa blanketi. Bendi za vijana zilirekodi pale, na kwaya pia, za madhehebu yote. Sakariye mwenyewe alituambia wazi, "Mimi si mtu wa nyimbo. Mimi niko na masikio ya biashara. Lakini kazi ikitoka hapa, inatoka safi, wallahi." Akazima friji ya soda ili isingurume, na wakati wa swala ukifika alitwambia tupumzike, akaenda akarudi.

Alichomeka waya mmoja kutoka kwenye kinanda mpaka kwenye kompyuta. Alitueleza kwamba kompyuta haitachukua sauti ya kinanda. Itaandika tu ni nota gani imebonyezwa, wakati gani, na kwa nguvu kiasi gani, halafu sauti yenyewe itaipiga baadaye. Sisi waimbaji tulichukuliwa sauti zetu kwa maikrofoni mbili, tukisikia kinanda kwenye spika ndogo iliyofunikwa. Njambi peke yake alivaa vifaa vya masikioni, na humo alisikia mlio wa tik, tik, tik wa kompyuta, ili asitoke kwenye mwendo. Alipousikia mlio ule mara ya kwanza alicheka.

"Sasa huyu ndiye mwenzangu," akasema.

Tuliimba siku nzima. Jasho lilitutiririka, mama mmoja wa sauti ya pili alizimia kidogo akapewa soda, lakini jioni nyimbo zote zilikuwa zimeingia. Wenzangu wakaenda zao. Njambi akataka kusikiliza, na mimi nikabaki naye kwa sababu njia yetu ni moja.

Sakariye akafungua wimbo wa kwanza. Kwenye skrini kulikuwa na mistari iliyosimama wima, kila mstari ni tik moja, na katikati yake vijiti vifupi vifupi vya rangi. Kila kijiti ni nota, akasema. Vya juu vilikaa kwenye mistari vizuri. Vya chini vyote vilikuwa kando.

Njambi akasogeza kiti. "Hizi za chini ni za mkono gani?"

"Za kushoto, Mama."

"Na mbona ziko nyuma ya laini?"

"Zimechelewa kidogo."

"Zote?"

Sakariye aliupeleka wimbo mbele, akaufungua mwingine, na mwingine tena. Ilikuwa vile vile, pengo ni karibu lile lile kila mahali. "Zote," akasema.

Njambi alivitazama vile vijiti. Kisha akauweka mkono wake wa kushoto mapajani, akaufunika kwa wa kulia. "Nilikuwa najua imepona," akasema. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia, maana mimi niliumia moyo sana.

Sakariye hakupenda watu wahuzunike katika duka lake. "Mama, hii si shida," akasema haraka. "Iko amri hapa. Nabonyeza mara moja, kila nota inarudi kwa laini yake. Watu wote wanafanya hivyo, hata hao wakubwa wa Nairobi."

"Hata za kulia zitasogea?"

"Zote zinakaa kwa laini."

"Za kulia wacha. Pale kwa 'utuhurumie' mimi huvuta kidogo makusudi. Hiyo si makosa. Hiyo ni mimi."

"Sawa. Tunachagua za kushoto peke yake."

"Tunachagua? Wewe nionyeshe. Nitafanya na mkono yangu."

Basi kila siku baada ya chakula cha mchana, wakati ambapo wateja ni wachache, alimwachia Mathenge duka akauze dawa ya kupe, na mimi nikafunga hoteli yangu nikamsindikiza. Alijifunza kile kipanya cha kompyuta kwa taabu. Mwanzoni alikisukuma kama pasi ya makaa mpaka kikaanguka mezani, na Sakariye akawa anasema "polepole, Mama" hata usingizini nadhani. Lakini alishika. Alijifunza kuzichagua nota, kuzivuta mbele, kusikiliza, kuzirudisha kidogo kama amezivuta kupita kiasi. Ile amri ya mara moja aliitumia kwa nyimbo za mwendo wa kasi tu. Nyimbo za pole alizinyoosha nota moja moja, na Sakariye, ambaye alikuwa amesema si mtu wa nyimbo, akaanza kuleta kiti na kukaa kumwangalia.

Alhamisi alimaliza. Akasema tusikilize kinanda peke yake, bila sauti zetu. Sakariye akabonyeza.

Alikuwa Njambi wa zamani. Ule mkono wa kushoto uliokuwa ukitembea kama askari wa gwaride ulikuwa umerudi, mzito, wa hakika, kila kitu mahali pake. Sikuwa nimeusikia tangu aanguke. Nikamwangalia, na hapo ndipo alipolia.

"Huyu ni mimi," akasema. "Syombua, unasikia? Huyu ni mimi."

"Nasikia, Mama."

"Kimotho aje sasa. Aje na masikio yake yote." Akajifuta kwa kitambaa cha kichwani. "Fungua hawa waimbaji."

Sakariye akafungua sauti zetu.

Nisiwafiche, ilikuwa mbaya. Kinanda kilifika, na sisi watu thelathini na kitu tukafika nyuma yake, tukijikokota kama tumeamshwa sasa hivi. Kila ubeti, kila kiitikio. Njambi alivua vya masikioni, akavitazama, akavivaa tena.

"Kompyuta yako imeharibika."

"Haijaharibika, Mama."

"Basi umesogeza waimbaji."

"Mimi sijagusa waimbaji. Angalia." Alifungua picha ya sauti zetu, ambayo haikuwa vijiti bali vilima vilima, na akamwonyesha pale ambapo kila neno linaanzia. Kilima cha kwanza kilikuwa nyuma ya mstari. Cha pili pia. Akapima pengo. Lilikuwa lile lile la mkono wa kushoto, kabla hajaunyoosha.

"Besi najua ni wavivu," Njambi akasema polepole. "Lakini soprano wanafuata mkono wa kulia. Ndio uko na wimbo. Soprano hawawezi kuwa hapa." Akanigeukia. Macho yake siwezi kuyasahau. "Tangu lini?"

Ningeweza kudanganya. Lakini Njambi hadanganywi akishakuuliza. "Tangu siku ulirudi, Mama. Ubeti wa pili."

"Nani aliwaambia mfanye hivyo? Aloys?"

"Hakuna mtu alisema kitu. Hata sisi kwa sisi hatujawahi kuongea."

"Kwa hivyo mlinihurumia." Alisimama, akashika meza. "Miaka miwili. Mimi naringa mbele ya watu, nawagongea pete, nasema mkono umerudi, na nyinyi mnaitikia kama watoto wa nasari, 'umerudi, Mama.' Mnanihurumia kwa mgongo. Afadhali Kimotho! Yeye aliniambia kwa uso."

Hapo hasira ilinipanda na mimi. Mimi si mtu wa kupandwa na hasira nikanyamaza, kila mtu pale sokoni anajua. Nikasimama pia.

"Huruma gani? Mama, wewe ulinitoa nje mbele ya watu! Nikasimama kwa tangi kama mwizi wa kuku! Kwa nini? Kwa sababu nilifuata hesabu yangu nikaacha kinanda. Si ni wewe ulisema? Ukasema kinanda ikienda shimoni tuende nayo. Basi mkono ulienda pale, tukaenda pale. Hatukufuata saa, hatukufuata Aloys, tulifuata wewe. Sasa unatugombeza nini? Ulitaka tufuate nani?"

Sakariye aliinama chini ya meza akajifanya anatafuta waya.

Njambi alibaki amesimama, midomo imekaza, na mimi nikaanza kuogopa kwamba nimemuua. Mwishowe akaketi. Sakariye akatoka chini ya meza, akasema kwa upole kwamba hata sauti zinaweza kurekebishwa. Atakata pale neno linapoanza, avute kila kipande mpaka kwenye mstari wake, aunganishe. Ni kazi kubwa, lakini atafanya usiku na mchana mpaka Jumamosi, na hakuna atakayejua kwamba kwaya ilichelewa, wala mkono.

"Ngoja," Njambi akasema. "Toa kinanda. Toa hiyo tik tik. Nataka waimbaji peke yao."

Tukasikiliza. Sijawahi kujisikia nikiimba vile, wala wenzangu. Bila kinanda na bila ule mlio wa kutuhesabia, hakuna hata mmoja aliyekuwa amechelewa. Sote tulifika pamoja. Wanza, mimi, wale wazito wa besi, watu ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya rangi ya sare, tulivuta pumzi pamoja na kuanza pamoja, na palipohitaji kungoja tulingoja pamoja bila kuambizana. Ilikuwa safi kabisa. Nilijawa na fahari.

Wimbo ukaisha. Njambi aliinua mikono yake yote miwili, akaiangalia mmoja baada ya mwingine kama mama anayetafuta nani kavunja kikombe.

"Wa kushoto uko na waimbaji," akasema. "Waimbaji wako pamoja. Watu wote wako pahali pamoja isipokuwa mmoja." Akautikisa mkono wa kulia. "Ni huyu. Huyu ndiye anakimbia."

Sakariye hakuelewa upesi. Mimi nilielewa, nikaziba mdomo.

"Rudisha za kushoto vile nilizipiga," Njambi akamwambia. "Kazi yangu yote ya wiki, futa. Sasa nichagulie za kulia. Hapana, wacha, nitachagua mwenyewe."

"Mama, za kulia ziko kwa laini! Unataka kuzitoa kwa laini?"

"Laini ni ya kompyuta. Mimi nasawazisha na watu wangu."

Akaanza. Safari hii hakusukuma kipanya kama pasi. Alizishika nota za kulia, zile zilizokaa vizuri bila lawama, akazirudisha nyuma mpaka zikakutana na za kushoto. Pale kwa 'utuhurumie' alizivuta kidogo zaidi, kama kawaida yake. Sakariye alisema tangu aanze kazi hajawahi kuona mtu akichukua nota zilizonyooka na kuzichelewesha makusudi. Lakini walipopiga wimbo, mikono miwili na sauti zote, aliguna, akaongeza sauti, akaufungua mlango ili watu wa dukani wasikie.

Jumamosi Kimotho alikuja na kamati yake. Njambi alikuwa amevaa gauni la sikukuu, ameketi kando ya kompyuta kana kwamba duka ni lake. Kimotho alisikiliza amefumba macho. Akaomba wimbo wa pili. Akaomba wa kwanza urudiwe. Mwishowe akafumbua macho, na ninampa heshima yake, hakuzungukazunguka.

"Hakuna kinachokimbizana," akasema. "Matthew wa nini tena? Mama Wakiuru, nisamehe. Mkono umepona kabisa."

Mwaka mzima uliotangulia angeuinua ule mkono akauchezesha. Siku hiyo hakuuinua.

"Haujapona, Mzee," akasema. "Umengojewa."

Aloys, ambaye hajawahi kumtania Njambi tangu azaliwe, akapata ujasiri sijui kutoka wapi. "Lakini Mama, si ngoja ngoja huumiza matumbo?"

"Aloys, toka nje ufikirie hiyo maneno," akamwambia, na chumba chote kikaangua kicheko, yeye wa kwanza.

Kesho yake alikwenda kwenye kiti chake, akauweka sawa ule mto wa kijani, akatuangalia mmoja mmoja. Nilidhani atasema kitu, asante labda, lakini huyo hangekuwa Njambi. Alituambia tusimame wima, hatuko msibani. Kisha akainua mikono. Wa kulia ulishuka kwanza, kama mazoea yake, ukafika karibu na kinanda, ukasimama hewani. Ukangoja. Wa kushoto ukaja na mwendo wake. Njambi alikuwa ameinua macho kutoka kwenye kinanda na kututazama sisi, akiangalia vifua vyetu vinavyopanda, na tulipofungua midomo ndipo vidole vyake vyote kumi vilipogusa nota. Miaka yote niliyoimba chini yake, Jumapili ile ndiyo ya kwanza kinanda kufuata kwaya.